Gamba la Mheshimiwa

Benchi la kijiwe hiki halina anwani. Asubuhi utalikuta upande wa magharibi wa ofisi ya mizani na vipimo, adhuhuri limejibanza kwenye kiujia kilicho nyuma ya ofisi, alasiri limetokea upande wa mashariki, likiwa limelizunguka jengo zima bila kuguswa na jua hata kidogo. Hulibeba wenyewe, Breki akishika kichwa na Nakala Tatu akishika mkia. Nyuma yao hufuata Mzee Sekunde na meza yake ya kutengenezea saa, kisha muuza kahawa na birika lake. Breki aliendesha malori ya masafa marefu hadi magoti yakamgomea. Nakala Tatu alikuwa karani wa halmashauri, akastaafu bila kustaafu. Mpaka leo ukimsalimia anatamani kukuuliza salamu hiyo umeipitisha kwa nani. Mzee Sekunde ndiye fundi saa, mwenye kioo cha jicho kilichomchorea duara la kudumu kuzunguka jicho la kulia. Na tangu mvua zilipokatika, msafara ulikuwa umeongeza abiria mmoja: boksi la viatu lenye matundu, limefungwa kwa mpira wa tairi, na ndani yake kobe mdogo wa kujaa kiganja. Kijiwe kilimwita Mheshimiwa, kwa sababu ukimuuliza jambo anaingia ndani.

Kobe hakuwa wa kijiwe. Alikuwa wa mjukuu wa Mzee Sekunde, binti wa shule mwenye maneno machache na kumbukumbu ndefu. Mama yake alihamishiwa kazi mji mwingine, wakapewa chumba ghorofani, na mwenye nyumba akasema hataki kuona kitu chenye miguu zaidi ya miwili. Basi kobe akaachwa kwa babu mpaka wapate nyumba nyingine. Siku ya kuondoka binti alimkabidhi boksi kwa mikono miwili, akamtazama usoni na kumwambia neno moja tu: Babu, asiibiwe.

Neno hilo Mzee Sekunde alilishika kama alivyoshika kazi yake. Mlango wa chumba chake una kitasa cha kubembeleza, kwa hiyo kobe hakuachwa nyumbani. Mchana alikuwa kijiweni, ndani ya boksi, chini ya meza, katikati ya miguu ya fundi. Usiku alilala kwenye kabati la chuma zinamofungiwa saa za wateja. Hakuna kobe duniani aliyelindwa kama yule. Na sasa nyumba ilikuwa imepatikana, yenye uwa, na binti alikuwa anakuja Jumamosi kumchukua.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, alipofungua boksi amtazame na kumfuta vumbi, moyo ulimlipuka. Alimshika mgongoni kwa kidole gumba, kama mtu anavyojaribu parachichi sokoni, na gamba likabonyea. Akaondoa kidole, likarudi polepole. Akajaribu upande wa pili, nao vilevile, laini kama kifuniko cha kopo la siagi. Macho ya mnyama yalikuwa yamevimba, na alipowekwa mezani hakujisumbua hata kuingia ndani.

Alikaa nalo moyoni mpaka kikombe cha kwanza kilipomiminwa, kisha akawaambia wenzake. Hakuna aliyeuliza kobe anaumwa nini. Breki aliweka kikombe chini, akambonyeza Mheshimiwa mara moja, akajipangusa kidole kwenye suruali.

— Huyu siye, akasema.

— Siye vipi?

— Siye. Umebadilishiwa.

Kisha akaeleza, na kwa Breki kueleza ni kuwasha injini. Katika miaka yake ya barabarani alikwisha kuacha lori kwa fundi jioni likiwa zima, akalikuta asubuhi lina rangi ileile, namba ileile, hata mkwaruzo uleule mlangoni, ila ndani kila kifaa ni cha mtumba. Alama ya wizi wa namna hiyo, alisema, ni kwamba kitu kinafanana mno na chenyewe. Mwizi mjinga huchukua kobe akaacha boksi tupu. Mwizi aliyesoma huchukua kobe imara akakuachia kobe dhaifu, nawe unaendelea kumlisha na kumshukuru Mungu.

— Gamba la kobe ni mfupa, mzee mwenzangu. Umeona wapi mfupa ukalegea? Tungekuwa tunatembea kweli?

Nakala Tatu hakupenda nadharia isiyo na ofisi ndani yake. Aliwakumbusha safari yao ya wiki iliyotangulia, walipoona Mheshimiwa amepunguza kula wakampeleka ofisi ya mifugo. Dirisha la kwanza liliwauliza kobe ni ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku au mengineyo. Walipojibu mengineyo, wakaambiwa mengineyo ni dirisha la pili. Dirisha la pili lilisema mnyama huyu hafugwi, kwa hiyo ni wa porini, kwa hiyo waende wanyamapori. Wanyamapori walimtazama, wakasema mnyama anayeishi ndani ya boksi la viatu hawezi kuwa wa porini, na kwa vile ana gamba wajaribu uvuvi. Uvuvi walicheka, wakawarudisha mifugo, ambako daktari alikuwa ametoka kwenda semina juu ya kupunguza usumbufu kwa wananchi.

Yote hayo wanakijiwe waliyajua. Jambo ambalo Nakala Tatu alitaka walitafakari ni dakika zile ambazo bwana wa dirisha la pili alilichukua boksi na kuingia nalo mlango wa nyuma, eti akamwonyeshe mwenzake.

— Alikaa muda gani huko?

— Muda wa mtu kuonyesha kitu, akasema Mzee Sekunde.

— Au wa mtu kubadili kitu. Mimi nimekaa nyuma ya mlango wa namna ile miaka yangu yote ya kazi. Najua kinachofanyika huko.

— Kinafanyika nini?

Nakala Tatu akanywa kahawa. Siri za serikali hakuwahi kuzitoa. Na nyingine, Mzee Sekunde alishuku, hakuwahi kuzijua.

Jua lilianza kulamba ncha ya benchi. Bila amri wala majadiliano wakanyanyuka, Breki kichwani, Nakala Tatu mkiani, wakahamia hatua chache ukutani penye ubaridi. Mzee Sekunde alibeba boksi kwanza, meza baadaye. Walipokuwa wanakaa, Breki alishusha sauti na kuelekeza kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye chumba kidogo chenye pazia la maua, alikofungua kazi fundi cherehani mgeni. Mwanamke yule alikuwa hana muda mrefu mtaani, hana ndugu aliyejulikana, na cherehani yake aliiweka dirishani akitazama nje.

— Mmemwona anavyotuangalia? Kila tukihama, ananyanyua macho.

— Anaangalia mwanga wa kushonea, akasema muuza kahawa.

— Mwanga upo juu. Yeye anaangalia chini. Anaangalia boksi.

Hapo Breki akawauliza vifungo vya koti la zamani, vile vizito vyenye madoa ya kahawia, vilikuwa vinatengenezwa kwa kitu gani. Nakala Tatu akasema plastiki. Breki akamwonea huruma. Kabla ya plastiki, je? Wakaanza kuhesabu kichwani vifungo vingapi vingetoka katika kobe wa kujaa kiganja, wakaona ni vya shati moja la mtoto, na hilo lilipaswa kuiua nadharia. Lakini Breki alikuwa na jibu: fundi cherehani hakuwa anataka kobe, alikuwa anafanya majaribio. Mtu akiloweka yai kwenye siki, ganda linalegea mpaka yai linadunda. Yule mama alikuwa anapita jioni, wanapogombania nani abebe nini, anamnyunyizia siki kidogo kidogo kupitia matundu.

— Kobe hanuki siki, akasema Mzee Sekunde.

— Unaona? Ameshamwosha.

Mzee Sekunde hakucheka. Alikuwa amevaa kioo chake cha jicho, ameinamia boksi, akijifanya anatafuta kipele. Kweli ni kwamba alikuwa amekwisha kukiona alichokuwa akikitafuta, tangu alfajiri, na alikuwa anakitazama tena kwa matumaini kwamba safari hii hakitakuwepo. Ukingoni mwa gamba, upande wa mguu wa nyuma wa kushoto, palikuwa na pengo dogo kama jino la gurudumu la saa lililomong'onyoka. Kobe alilipata siku alipoporomoka ngazi za nyumba ya zamani ya binti, na babu mtu alilipiga msasa kwa mkono wake ili lisimkwaruze mtoto vidole. Fundi saa anaweza kusahau jina la mteja, hawezi kusahau pengo alilolisawazisha mwenyewe. Kobe huyu hakubadilishwa na mtu yeyote.

Wala hakuwaambia. Alijua kwamba akisema ni yuleyule, benchi zima litanyamaza na kumtazama yeye. Kobe akibadilishwa, mwenye kosa ni mwizi. Kobe akiwa ni yuleyule, mwenye kosa ni aliyekaa naye. Angependa sana awe amebadilishwa. Kwa hiyo akaanza naye kushuku, maana kushuku hupunguza uzito. Alimshuku bwana wa dirisha la pili. Alimshuku fundi cherehani. Akaja akamtazama Breki, ambaye kila siku yeye Sekunde akienda kula hubaki na boksi, na ambaye mfuko wake wa shati hauishi biskuti.

— Breki, ndugu yangu. Huwa unampa nini huyu?

— Mimi? Anachotaka.

— Anataka nini?

— Hasemi. Nampa biskuti iliyolowekwa kwenye kahawa. Anapenda.

— Kahawa!

— Kidogo tu, kwa ajili ya kumchangamsha. Kwani Nakala mbona humsemi? Si ndiye anayemletea mkate na maziwa?

Nakala Tatu alikiri mkate lakini akakanusha maziwa, kisha akakiri maziwa lakini akasema yalikuwa ya kuchanganya na maji, na kwamba yeye aliamini mzee mwenyewe anampa majani nyumbani. Mzee Sekunde naye alikuwa akiamini majani anapewa kijiweni, kwa kuwa kila akirudi kutoka kula alimkuta ameshiba. Wakatazamana, watu watatu waliokunywa kahawa pamoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi, kila mmoja akiona mwenzake ana uso wa muuaji.

Muuza kahawa, aliyekuwa anataka vikombe vyake virudi salama, aliwaambia mnyama anaumwa, wampeleke kwa daktari, semina haiwezi kuwa ya milele. Wazo hilo halikupata mtu wa kuliunga mkono. Kumrudisha kobe kwenye mlango uleule wa nyuma, alisema Nakala Tatu, ni kumpelekea mtuhumiwa ushahidi auhifadhi.

Hapo ndipo alipotoa nadharia yake kubwa, ile ambayo bila shaka alikuwa anaiatamia tangu asubuhi. Aliangalia kushoto na kulia. Alisogeza birika, kana kwamba nalo lina masikio. Wamejiuliza kwa nini bwana yule alimtazama Mheshimiwa tumboni kabla ya mgongoni? Wamejiuliza kwa nini tangu wiki ile mnyama hali, hanyi, hatembei, lakini yupo, amekaa tu, anasikiliza? Gamba laini si gamba. Ni plastiki. Na ndani ya plastiki huwekwa vitu.

— Vitu gani?

— Vya kunasia sauti.

Breki alilifikiria jambo hilo kwa heshima.

— Nani atake kusikia mazungumzo yetu?

— Ndiyo maana wametumia kobe. Wangekuwa na haraka wangetumia kitu kingine.

Wote wakalitazama boksi. Breki, kwa tahadhari, aliinama na kusema kwa sauti ya wazi kwamba yeye binafsi hajawahi kuwa na tatizo na ofisi yoyote. Mzee Sekunde alitia mkono ndani, akaweka kidole chini ya shingo ya kobe, akasikia ngozi ikipanda na kushuka, kidogo mno, kama saa ambayo ufunguo wake umebakiza mzunguko wa mwisho. Akawaza Jumamosi. Akamwona mjukuu wake akilipokea boksi kwa mikono miwili.

Kivuli kilikatwa tena, na kijiwe kikanyanyuka kuingia kwenye kiujia. Walikuwa katikati ya kuhama, benchi hewani, Breki akilalamikia goti, wakati fundi cherehani alipovuka barabara na kuja moja kwa moja kwao. Mkononi alikuwa na saa ya ukutani iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa. Nakala Tatu aliachia mkia wa benchi, akasimama mbele ya boksi kama mlinzi wa benki. Breki alimsalimia kwa sauti ya mtu anayehesabu vifungo.

Mwanamke aliitikia vizuri, akawaamkia shikamoo mmoja mmoja, akamweleza Mzee Sekunde kwamba saa yake inakimbia, kila jioni iko mbele, wateja wanamwona mwongo. Mzee alisema ataitazama. Alipoipokea ilibidi aweke boksi chini, kifuniko kikasogea, na Mheshimiwa akaonekana, macho yamefumba, kichwa kimelala juu ya gazeti.

— Kumbe ni kobe, akasema mwanamke.

Nakala Tatu alisogea hatua moja karibu na boksi.

— Mnisamehe wazee wangu. Mimi siku zote nikikaa pale dirishani najua hilo boksi ni la dawa.

— Dawa gani? akauliza Breki, akimkazia macho.

— Zile zinazoandikwa ziwekwe mbali na jua. Maana nawaona, jua likikaribia tu mnalinyanyua. Nikasema moyoni, kuna mzee mmoja hapa anaumwa sana, akasema, akainama kumtazama kobe vizuri, mikono magotini. Mimi kobe siwajui. Kwetu nilikuwa nawaona wamejilaza juu ya mawe, mchana, jua kali. Kwani wakifugwa hawatakiwi kuota jua?

Breki alitazama benchi, ambalo bado alikuwa ameshika kichwa chake, akaliweka chini taratibu. Nakala Tatu alikohoa, akasema swali hilo ni la msingi, na kwamba kwa utaratibu lingepaswa kuanzia, akatafuta mahali ambapo lingepaswa kuanzia, hakupapata. Muuza kahawa alitazama ndani ya birika. Mzee Sekunde alijaribu kukumbuka siku moja, saa moja, hata wakati wa kuvuka barabara, ambapo mwanga wa jua ulimgusa yule mnyama. Alirudi nyuma kimawazo: kabatini, chini ya meza, ndani ya boksi, kiujiani, kabatini tena. Alirudi mpaka kwenye mikono miwili ya mtoto. Binti hakumwambia habari za jua. Kwao, kabla ya kuhama, kobe alikuwa akizurura uwani tangu asubuhi. Nani humwambia mtu mzima kwamba kuna jua?

Alimtoa Mheshimiwa kwenye boksi. Alitoka naye kiujiani, akapita kona, mpaka kwenye kipande cha udongo mbele ya ofisi ya mizani, penye majani machache yanayoota peke yake kando ya mfereji. Akachuchumaa, akamweka chini, nusu kwenye jua na nusu kwenye kivuli cha mwili wake mwenyewe, amwachie nafasi ya kukimbia akiunguzwa. Kobe hakukimbia. Alikaa vile vile, kama jiwe lililowekwa na mtu. Muda ukapita. Kisha mguu mmoja wa mbele ukatoka, ukanyooka juu ya udongo, na hakuuvuta ndani.

Wenzake walikuwa wamesimama kwenye mstari wa kivuli, vidole vya miguu vikigusa mpaka. Fundi cherehani aliwapita, akachuma majani yale ya mferejini, akayatupia macho kama mtu anayechagua kitambaa, akaacha mengine na kuweka mengine karibu na kichwa cha kobe. Breki alimvuta Nakala Tatu mkono.

— Amejuaje? akanong'ona. Mbona anajua yote hayo?

Mzee Sekunde alisikia. Alisikia pia jua kwenye kipara chake, na jasho likimtambaa nyuma ya shingo. Akatoa simu mfukoni. Breki alimwona anabonyeza, akavuka mpaka kwa mara ya kwanza, goti likimlalamikia, akachuchumaa kwa taabu karibu naye.

— Unampigia mtoto?

— Nampigia.

— Usijitie kitanzini, mzee mwenzangu. Mwambie amebadilishwa. Sisi wote tutasimama tuseme hivyo. Nakala ataiandika vizuri, utaona mwenyewe inakaa.

Simu ilikuwa inaita. Mzee Sekunde alimtazama rafiki yake, akaona kwamba hakuwa anatania hata kidogo. Alikuwa anampa kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo.

— Babu, shikamoo, ikasema sauti. Kuna nini?

— Marahaba, mama. Sikiliza. Kobe wako anaumwa. Gamba limelegea, macho yamevimba. Niko naye hapa nje.

Akasikia mtoto akivuta pumzi, na nyuma yake mlango ukifungwa, na mji mwingine ukipita na magari yake. Akasubiri kilio. Hakikuja.

— Babu, huenda siye. Huenda mtu amekubadilishia. Tazama vizuri, mguu wa nyuma, wa kushoto.

Breki alikuwa ameyasikia yote. Alinyanyua nyusi, akamwelekeza kwa mkono, kama mtu anayemwongoza dereva kurudi nyuma: twende, twende, njia ni nyeupe.

— Nimetazama, akasema Mzee Sekunde. Ni yeye. Njoo leo kama mama yako atakubali, tumpeleke kwa daktari pamoja.